Mkanda Mweusi, Maji na Mkaa

Kila mwanafunzi mpya anayekuja uwanjani kwetu, nyuma ya kanisa, huwa na swali moja kabla hata hajavua ndala: mkanda mweusi unachukua muda gani? Haulizi tunafanya nini pale, haulizi kama inauma. Anataka rangi. Simlaumu. Hapa kambini mtu anaweza kukaa miaka ishirini bila kupandishwa daraja na mtu yeyote kwa jambo lolote. Kadi ya mgao ni ileile, namba ni ileile, foleni ni ileile. Basi akiona sehemu moja tu ambapo mtu anaingia na nyeupe na anaweza kufika kwenye nyeusi, lazima avutike.

Mimi nafundisha karate hapa Nyarugusu, mwaka wa tisa sasa. Nilianza nikiwa kijana kule Fizi, kwa mwalimu ambaye naye alikuwa amefundishwa Uvira, na huyo wa Uvira sijui alifundishwa wapi. Pamoja na ngumi na mateke tulirithi hadithi. Nazipenda hadithi zile. Lakini kila nipatapo kitabu, au simu yenye bando, nasoma historia ya mchezo wangu, na nimeona kwamba baadhi ya hadithi hizo ni za kufurahisha tu na nyingine zinaweza kumuua mtu. Shida ni kwamba zote zinasimuliwa kwa sauti moja, na mtu yuleyule, jioni ileile.

Tuanze na ile ya mkanda, maana hiyo haina madhara. Eti zamani huko Japani mwanafunzi alipewa mkanda mweupe, akakatazwa kuufua, akafanya mazoezi miaka na miaka mpaka jasho na uchafu vikaugeuza kuwa mweusi. Ndugu msomaji, umeshawahi kuona vumbi la Kasulu? Mkanda mweupe hapa ukiachwa bila kufuliwa mwezi mmoja unakuwa mwekundu. Na kwenye judo mkanda mwekundu ni wa dan ya 9 na ya 10, kwa hiyo kwa hesabu hiyo watoto wetu wote tayari ni mabingwa wa dunia.

Ukweli ni wa kawaida zaidi, na kwangu mimi ni mtamu zaidi. Mikanda ilianzishwa na mwalimu wa shule. Jina lake Kano Jigoro, alizaliwa mwaka 1860, na mwaka 1882 alianzisha judo kwenye hekalu la Eishoji mjini Tokyo, na wanafunzi wachache kwenye chumba cha mikeka 12. Mwaka uliofuata aliwapa wanafunzi wake wawili, Saigo Shiro na Tomita Tsunejiro, daraja la kwanza la dan. Wakati huo hata mkanda mweusi wenyewe haukuwepo. Ulikuja miaka michache baadaye, ili mtu akiingia ajue nani ni nani. Mpango wa dan aliukuta tayari kwenye go, mchezo wa ubao wenye kete nyeupe na nyeusi, ambako wachezaji walikuwa wakipangwa kwa madaraja tangu zamani. Zile rangi za katikati, njano, kijani, bluu, hazikukulia Japani hata. Zilistawi Ulaya miaka ya 1920 na 1930, na aliyezieneza sana ni Kawaishi Mikinosuke akifundisha Paris. Karate ilikuja kuazima mkanda kutoka judo: Funakoshi Gichin, naye mwalimu wa shule, alitoa dan zake za kwanza mwaka 1924.

Na neno lenyewe, shodan, daraja la kwanza la mkanda mweusi, maana yake ni hatua ya mwanzo. Yaani pale ambapo kijana wetu anadhani amemaliza, kwa lugha ya wenyewe ndipo anaandikishwa.

Hadithi ya pili ni ya wakulima, na hii naijua vizuri kwa sababu ndiyo iliyonifanya nipende karate. Mwalimu wetu alituambia hivi: katika kisiwa cha Okinawa, Wajapani waliingia kwa panga, wakawanyang'anya wananchi silaha zote. Wakulima wakabaki mikono mitupu. Usiku, kwa siri, wakajifunza kupiga kwa ngumi mpaka wakaweza kutoboa deraya ya samurai na kumwangusha kutoka juu ya farasi kwa teke la kuruka. Unaweza kufikiri hadithi hiyo inamfanyia nini mtoto wa Fizi ambaye wajomba zake wamenyang'anywa ng'ombe na watu wenye bunduki. Mnyonge, mikono mitupu, usiku, halafu anashinda. Ningeweza kulia.

Sehemu ya hadithi ni kweli. Okinawa ilikuwa makao ya ufalme wa Ryukyu, ufalme wa biashara, ukipeleka ushuru wa heshima China na kupokea vitu kutoka pande zote za bahari ile. Mwaka 1609 watawala wa Satsuma, kusini mwa Japani, waliuvamia na kuuweka chini yao, ingawa mfalme aliachwa kwenye kiti chake. Hapo ndipo ukweli na hadithi wanapoagana. Tukiangalia watu wenyewe ambao majina yao yamebaki, hatuwakuti wakulima. Tunamkuta Matsumura Sokon, ambaye aliwatumikia wafalme wa Ryukyu na kuwalinda. Tunamkuta Itosu Anko, mwanafunzi wake, ambaye alikuwa karani katika serikali ya mfalme. Tunamkuta Funakoshi niliyemtaja, mtoto wa ukoo wa daraja la wenye vyeo, ingawa wa chini. Hawa walikuwa watu wa ofisi, wenye wino kwenye vidole. Mkulima wa Okinawa alikuwa na shamba la viazi na kodi ya kulipa. Usiku alikuwa analala, kama mkulima yeyote. Na hicho walichojifunza hawakukitunga peke yao gizani. Kilikuwa kimechanganyika na mbinu za China kiasi kwamba jina lake la zamani liliandikwa kwa alama zenye maana ya "mkono wa China".

Jina hilo nalo lina kisa. Mwaka 1879 Japani iliufuta kabisa ufalme wa Ryukyu na kuufanya mkoa. Karate ilipofika Tokyo na Funakoshi mwaka 1922, ilikuwa kitu cha mkoani, chenye jina la nchi ambayo Japani ilizidi kugombana nayo. Miaka ya 1930 waalimu wakaanza kuandika neno lilelile, karate, kwa alama nyingine inayosomeka vilevile lakini maana yake ni "tupu". Mwaka 1936 walimu wakubwa walikutana Naha, mji mkuu wa Okinawa, wakakubaliana juu ya jina hilo jipya. Mwaka uliofuata Japani ikawa vitani na China. Kwa hiyo ule "mkono mtupu" tunaousema kwa unyenyekevu mwingi, kama siri ya wahenga, una umri mdogo kuliko babu yangu, na siasa ilikuwa na mkono wake humo. Sisi tuliozaliwa Zaire tukaamka Kongo bila kubeba hata sufuria tunalielewa jambo hilo haraka.

Itosu ndiye ninayempenda kuliko wote. Mwaka 1901 aliingiza karate katika shule ya msingi ya Okinawa, na baadaye shule za sekondari. Fikiria kazi hiyo. Alikuwa na kitu ambacho mwalimu alimfundisha mtu mmoja mmoja, uani, kwa miaka, chenye kuvunja viungo, kukaba koo na kuingiza vidole machoni. Akatakiwa kukifundisha kwa watoto hamsini waliopangwa mistari kama gwaride. Alitengeneza kata tano fupi ziitwazo Pinan, ambazo wengi wetu tumezijua kwa jina la Heian. Alipunguza ukali, akasisitiza afya, nidhamu na mwili mnyoofu. Mwaka 1908 aliandika barua ya mambo kumi kuieleza serikali faida za karate, na alianza kwa kusema kwamba karate haikutoka kwenye dini ya Buddha wala mafundisho ya Confucius. Mwenyewe amesema hivyo, mwaka 1908! Na bado hapa kambini kuna wazazi wanawakataza watoto kuja uwanjani kwa sababu wameambiwa ni dini ya kigeni yenye mapepo. Mchungaji wetu nilimsomea jambo hilo, akacheka, akatuachia na ufunguo wa stoo.

Lakini barua ile na shule zile zilituachia tatizo ambalo tunaishi nalo. Watoto walifundishwa umbo bila maana kamili. Wakakua, wakawa walimu, wakafundisha umbo. Umbo likasafiri: Tokyo, Paris, Brussels, Kinshasa, Uvira, Fizi. Lilipotufikia, kila pigo la mkono lilikuwa limeshapewa jina la "kuzuia". Kuzuia juu, kuzuia kati, kuzuia chini. Tulisimama mistari kumi tukizuia ngumi za watu wasiokuwepo.

Sasa, neno la Kijapani lenyewe, uke, limetoka kwenye kitenzi chenye maana ya kupokea. Mimi sijui Kijapani, lakini Kiswahili najua, na katika Kiswahili kumzuia mgeni na kumpokea mgeni ni vitu viwili ambavyo hakuna mtu wa pwani wala wa ziwani anaweza kuvichanganya. Anayekupokea anakushika mkono, anakuvuta ndani, anakukalisha pale anapotaka yeye. Na ndicho mwili unachofanya ukitazama vizuri. Ule mkono mwingine tunaorudisha kiunoni kila tunapopiga, tukaambiwa ni "kuongeza nguvu", ulikuwa unamvuta mtu. Funakoshi mwenyewe alieleza hivyo: unashika, unavuta, unapiga. Mkono unaorudi kiunoni bila kushika kitu ni kama mtu anayevuta kamba ya kisima wakati ndoo haipo.

Nilipowaonyesha vijana jambo hili walishangaa, halafu mmoja, mpishi wa mandazi kule sokoni, akasema, "Mwalimu, kumbe tulikuwa tunacheza ngoma, tumesahau ngoma ilikuwa ya nini." Sina la kuongeza hapo.

Nirudi kwa Kano, kwa sababu ana somo ambalo watu wa karate huwa hatupendi kulisikia. Zama zake Japani ilijaa shule za jujutsu, na nyingi zilijivunia mbinu za kutisha: kuvunja, kutoboa, kupiga sehemu za mauti. Mbinu hizo zilifanyiwa mazoezi kwa mpangilio tu. Wewe unashambulia hivi, mimi najibu hivi, wewe unaanguka. Haiwezekani kufanya vingine, kwa sababu ukifanya kweli utabaki bila wanafunzi. Kano akafanya jambo linaloonekana la kijinga. Alizitoa mbinu za hatari kwenye mazoezi huru, akaziacha kwenye kata, akabakiza kutupa, kukaba na kukandamiza kwa namna ambayo mtu anaweza kutumia nguvu zote juu ya mwenzake anayekataa kwa nguvu zote, na kesho wote wawili wakarudi. Mbinu zikawa "dhaifu", watu wakawa imara. Wanafunzi wake walipokutana na watu wa shule za mauti, mara nyingi wale wa mauti ndio waliotazama dari.

Hilo ndilo nalihesabu kuwa kanuni, na ni moja tu, mengine yote ni matawi yake: mbinu ambayo hujawahi kuijaribu kwa mtu asiyetaka ifanikiwe, hiyo huna. Unayo hadithi yake.

Nasema hivi kwa sababu ya kisu. Hapa kwetu kisu si mfano wa darasani. Watu hugombana bombani, hugombana kwenye kuni, na mama zetu wakienda kuni nje ya kambi wanajua wanachokiogopa. Kwa hiyo kijana anakuja karate akiwa na hamu ya jambo moja: nikishikiwa kisu nifanye nini. Na jibu la kurithi lipo, zuri sana kwa macho. Kisu kinakuja polepole, kimenyooka, mkono unabaki hewani kama umesahauliwa, mwenye karate anaudaka, anauzungusha, kisu kinaanguka, watazamaji wanapiga makofi. Kwenye maonyesho ya Siku ya Wakimbizi, tarehe 20 Juni, huwa tunashangiliwa kuliko wacheza ngoma.

Mwaka juzi nilileta mkaa. Kijiti cha mkaa, urefu wa kiganja, na fulana nyeupe za mitumba. Nikawaambia: mwenye mkaa achome anavyotaka, mara nyingi anavyotaka, akivuta mkono nyuma haraka, wala asingoje. Mwingine ajitetee. Wa kwanza kusimama alikuwa kijana wetu hodari zaidi, mwepesi kama panzi. Ilichukua muda wa kunywa nusu kikombe cha chai. Fulana yake ilikuwa na michirizi kifuani, tumboni, chini ya kwapa, na mmoja shingoni ambao ulifanya wote wanyamaze. Wakasimama wengine, mmoja mmoja. Hakuna aliyetoka na fulana safi. Msichana mmoja ndiye aliyefanya vizuri kuliko wote, maana mkaa ulipotokea tu alimrushia mwenzake ndala usoni akakimbia mpaka barabarani. Walimcheka. Nikawaambia wamtazame fulana: mstari mmoja mdogo, kiwikoni.

Wengine hawakufurahi. Baba mmoja alikuja kuniuliza kwa nini nawavunja moyo watoto. Lakini tangu siku ile tunafanya mkaa kila Jumamosi, na vijana wameanza kujua umbali, kujua mlango uko wapi, na kushika mkono wenye mkaa kwa mikono yote miwili wakati hakuna njia nyingine. Bado wanachafuka. Wanachafuka kidogo zaidi ya nusu ya vile walivyochafuka mwanzo, kwa macho yangu, na hiyo kwangu ni kazi kubwa.

Ni baada ya mazoezi ya mkaa ndipo kijana mmoja, ana miaka kumi na saba, alibaki nyuma akikunja mikeka. Akasema, "Mwalimu, kisu nimeelewa. Lakini ile maji ya kule kwetu, mzee moja aliniambia inafanya kazi. Risasi inageuka tu matone." Nilijua anasema nini. Vijana wanavuka ziwa kurudi. Kuna makundi yanawapokea, kuna mganga, kuna maji, na jina lenyewe la mai-mai limetokana na maji hayo. Na kijana aliyefundishwa kwamba ngumi inatoboa deraya ameshafika nusu ya njia ya kuamini kwamba maji yanazuia chuma.

Sikutaka kumjibu kwa kejeli. Nilimsimulia, na nasimulia tena hapa, kwa sababu jambo hili lina historia ndefu na ndani yake watu wa mazoezi kama sisi wamo.

Mwaka 1900 huko China kulikuwa na chama kinachoitwa Yihetuan, ambacho wageni walikiita cha Mabondia kwa sababu ya mazoezi yao ya ngumi. Kilianzia mkoa wa Shandong, kwa watu wa mashambani, wakati wa ukame na hasira juu ya wageni na upendeleo waliopewa. Walifanya mazoezi, walisoma maneno ya siri, walipandwa na roho za mashujaa, wakaamini panga na risasi haviwezi kuwaingia. Kiangazi cha mwaka ule walizingira balozi za wageni mjini Beijing kwa siku 55. Yakaja majeshi ya nchi nane. Risasi ziliingia.

Mojawapo ya nchi nane hizo ilikuwa Ujerumani, ambayo wakati huo ilitawala ardhi hii tunayoikalia. Miaka mitano baadaye, Julai 1905, watu wa milima ya Matumbi waliokuwa wakilazimishwa kulima pamba waling'oa pamba. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa watu maji ya dawa. Mtoto yeyote aliyesoma Tanzania anamjua, na tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969 imembakiza midomoni mwa watu. Wajerumani walimnyonga tarehe 4 Agosti 1905, lakini maji yalikuwa yameshatembea. Tarehe 30 Agosti maelfu ya wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge, wakakutana na bunduki za rashasha. Vita viliendelea mpaka 1907. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na kufika 300,000, na wengi wao hawakufa kwa risasi, walikufa kwa njaa, maana Wajerumani walichoma chakula mashambani na maghalani.

Hapa nataka niseme neno langu. Wazee wa Maji Maji hawakuwa wajinga. Maji yale yalifanya kazi moja ambayo hakuna kitu kingine kilikuwa kimeifanya: yaliwaunganisha watu wa makabila mengi, wasiokuwa na mfalme mmoja wala lugha moja nyumbani, wakasimama pamoja. Ukiyahesabu kama kiapo, yalifanikiwa. Ukiyahesabu kama ngao, yaliua. Na ndiyo maana ni vigumu kuyakataa mbele ya kijana, kwa sababu kile kiapo anakihitaji kweli.

Halafu ikaja zamu ya kwetu. Mwaka 1964 wapiganaji wa Simba waliuteka mji wa Stanleyville, Kisangani ya leo, wakiita jina la Mulele na maji yake. Walikuwa na miiko: usimguse mwanamke, usiibe, usigeuke nyuma, usiogope. Aprili 1965 Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, hii hii Kigoma ambako tunaomba kibali kwenda, akaingia upande wa Fizi kuwasaidia wapiganaji, na akaondoka Novemba akiwa ameshindwa. Katika kumbukumbu zake aliieleza dawa ile, na aliona kitu ambacho kwangu ndicho kiini cha mambo yote haya. Mpiganaji akipigwa risasi akafa, imani haitetereki. Inasemwa: aliogopa. Au aliiba. Au alilala na mwanamke. Dawa ni nzima, mtu ndiye aliyekosea. Na marehemu hawezi kujitetea.

Sasa geuka utazame uwanja wa karate. Mbinu inashindikana, mwalimu anasema: hukuweka kiuno vizuri. Hukuamini. Hujafika daraja hilo. Nyingine ni kweli, kiuno kweli hakikuwa vizuri. Lakini kama jibu ni hilo siku zote, kila mwaka, kwa kila mtu, basi mwalimu ameshakuwa mganga na mkanda wake ni chupa ya maji. Si Afrika tu. Aprili 2017 huko Chengdu, China, mpiganaji Xu Xiaodong alikutana na mwalimu mmoja wa tai chi aliyesifiwa kwa nguvu za ndani, na pambano halikumaliza nusu dakika. Waliochukizwa, wengi wao walimchukia Xu.

Na Okinawa yenyewe? Mwaka 1945, kuanzia Aprili mpaka Juni, Marekani na Japani zilipigana juu ya kisiwa hicho. Raia walikufa kwa wingi usiosemeka, inakadiriwa mmoja kati ya wanne. Walimu wa karate walikuwemo humo humo, mapangoni na barabarani na watoto mgongoni, na mikono yao mitupu haikusimamisha kitu. Baada ya vita watu wa kisiwa kile waliishi kwenye makambi, kwenye mahema, wakipanga foleni ya chakula. Kyan Chotoku, mmoja wa mabingwa wakubwa kabisa wa karne ile, ukoo wake ulikuwa wa wakubwa wa Ryukyu, alinusurika mapigano. Akafariki Septemba 1945 kwa uchovu na njaa, akiwa na miaka zaidi ya sabini. Jambo hili sikulisikia kwa mwalimu yeyote, Fizi wala hapa. Nililisoma mwenyewe usiku mmoja, nikaizima simu. Miaka yote hiyo tunapiga magoti kuwasalimu wazee wa Okinawa kana kwamba waliishi mawinguni, kumbe walikuwa wakimbizi wenye njaa kama sisi, na wanafunzi wao waliobaki walianza tena kufundisha uani, kwenye vifusi.

Haya yote nilimweleza yule kijana, si kwa siku moja. Alisikiliza mpaka mwisho wa habari ya Mahenge, akaniuliza: "Wale maelfu, mwalimu, wote walivunja mwiko siku moja?" Nikamwambia hilo swali ampelekee yule mzee. Sijui kama alimpelekea. Alikuwa na binamu yake, walikuwa wakija pamoja, wakivaa kimono moja kwa zamu. Huyo binamu alivuka ziwa mwezi wa tatu, usiku, bila kuaga hata nyumbani. Kijana bado anakuja. Jumamosi iliyopita alinisaidia kugawa mkaa.